Seli za uboho au seli za moyo za maabara? Ulinganisho kabla hujauza mikarafuu

Mtoto wa kaka yangu, anayeishi Wete, alinitumia picha mbili kwa WhatsApp, moja nyuma ya nyengine. Ya kwanza ilikuwa karatasi ya eko ya mkewe, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Alikuwa ameilaza juu ya jamvi la karafuu zilizoanikwa, na punje tatu nne zimeangukia juu ya karatasi, zimekaa pale kama vizito vya kuzuia upepo. Mstari ulionishika ulikuwa mmoja tu: EF 28%. Picha ya pili ni tangazo la kliniki ya nje ya nchi, lina moyo mwekundu unaong'aa na ahadi ya kuotesha upya msuli wa moyo kwa seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyengine. Huduma ziko mbili. Moja ni ya seli zinazotolewa kwenye uboho au mafuta ya mwili, bei yake ya kutisha. Ya pili wameiita "seli hai za moyo", bei yake mara tatu ya ile. Kisha ikaja sauti yake, nyuma yake mtoto mchanga analia: "Ami, nichague ipi? Mikarafuu ya babu inatosha kulipia moja."

Mimi ni mtu wa maabara, si daktari wa moyo. Lakini tafiti za wanyama ambazo matangazo kama hayo yanaegemea nazisoma tangu nikiwa chuoni, na nilimjibu kwa vipande kwa muda wa siku tatu. Hapa nimeviunganisha, maana si yeye peke yake aliyepelekewa tangazo lile.

Tuanze na karatasi. EF ni hesabu nyepesi: katika kila sehemu 100 za damu iliyojaa chumba cha kushoto cha moyo, ngapi zinatoka kwa pigo moja. Moyo mzima hutoa 55 au zaidi. Mkazamwana wetu anatoa 28. Alijifungua mtoto wa tatu, mwezi wa pili miguu ikaanza kuvimba, pumzi ikawa fupi, akawa analala kwa mito mitatu akiambiwa ni uchovu wa uzazi. Mpaka anafikishwa kwenye eko, moyo ulikuwa umeshatanuka. Huu si mshtuko wa moyo, na mishipa yake haijaziba. Ni ugonjwa wa msuli wenyewe, wa ile aina inayowashika wanawake mwishoni mwa mimba au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua.

Nimelisisitiza hilo kwa sababu wanyama wengi wanaotajwa kwenye matangazo ya seli shina hawakuwa na ugonjwa huu. Walifungwa mshipa. Mtafiti anamlaza panya usingizi, anafungua kifua, anapitisha uzi mwembamba chini ya mshipa unaolisha upande wa mbele wa moyo, anakaza fundo. Hapo hapo sehemu ya moyo inageuka rangi, inapauka, inaacha kucheza huku iliyobaki ikiendelea kupiga. Siku chache mbele panabaki kovu, na seli zinadungwa pembeni yake. Anayejua kuta za Mji Mkongwe atanifahamu: tundu moja kwenye ukuta wa mawe na chokaa unaliziba, lakini ukuta uliolowa unyevu kutoka msingi hadi dari hauna tundu la kuziba. Moyo uliotanuka ni ule wa pili. Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza wenye tangazo, kabla ya bei, ni kwamba mnyama wao aliumwa nini.

Sasa hizo huduma mbili.

Seli za uboho na mafuta ndizo zenye historia ndefu, na historia yenyewe ina doa. Mwaka 2001 ilichapishwa kazi ya Marekani iliyodai kwamba seli za uboho wa panya, zikidungwa kwenye moyo uliofungwa mshipa, zinageuka kuwa msuli mpya wa moyo. Dunia ikashangilia, na muda si muda wagonjwa wakaanza kudungwa. Mwaka 2004 maabara mbili, moja ya Seattle na moja ya Stanford, zilirudia kazi ile kwa kuzitia seli alama ili zifuatiliwe popote ziendako. Hazikugeuka msuli wa moyo. Zilibaki seli za damu. Miaka ikapita, na mwaka 2018 Harvard na hospitali ya Brigham and Women's wakapendekeza makala 31 za maabara ya Piero Anversa, mmoja wa vinara wa kazi ile ya 2001, ziondolewe kwenye majarida. Tangazo la mpwa wangu bado linatumia neno "kuotesha". Neno hilo lilizaliwa huko.

Isidhaniwe basi kwamba seli hizi hazifanyi kitu kabisa. Zinafanya, ila si hicho. Mwaka 2005 watafiti wa Japani waliwapa panya ugonjwa unaokaribia wetu: waliichokoza kinga ya mwili ya panya mpaka ikaushambulia msuli wa moyo, ukawaka, ukatanuka wote. Waliodungwa seli za uboho walipata kovu kidogo zaidi, vijishipa vingi zaidi vya damu, na moyo uliosukuma vizuri zaidi kuliko wenzao. Na kuna hamsta. Kuna ukoo wa hamsta wanaozaliwa na kasoro ya jeni (maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli), moyo wao hutanuka wenyewe bila kufungwa uzi wowote. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwadunga hamsta hao seli za uboho, lakini si moyoni. Waliwadunga kwenye msuli wa paja la nyuma. Seli zikabaki mguuni, moyo ukapata nafuu.

Mpwa wangu alinirudishia: "Ami, mguuni?" Ndiyo, mguuni. Maana yake, kinachosaidia ni majimaji ambayo seli zinayatoa, yanayosafiri kwenye damu na kutuliza, si seli kuhamia kwenye ukuta wa moyo na kuwa tofali jipya. Seli zenyewe hufa au kupotea nyingi katika siku chache za mwanzo. Mwaka 2019 maabara moja ya Cincinnati ilikwenda mbali zaidi: panya wenye jeraha la moyo waliodungwa seli hai, waliodungwa seli zilizouliwa kwa kugandishwa na kuyeyushwa, na waliodungwa kemikali ya kuichokoza kinga tu isiyo na seli ndani yake, wote walipata nafuu ya namna moja. Kilichokuwa kikifanya kazi ni askari wa kinga waliokimbilia pale palipochomwa sindano na kulikaza kovu vizuri. Niliposoma kazi ile mara ya kwanza niliiweka chini, nikatoka nje kuvuta pumzi. Miaka kumi na minane ya kuzihesabu seli, kumbe hata maiti zake zingetosha.

Ukipanda kutoka kwa panya kwenda kwa mnyama mkubwa aliyeugua mwenyewe, habari inapoa zaidi. Mbwa wa aina ya Doberman hupata ugonjwa wa moyo kutanuka kwa kurithi, bila mkono wa mtafiti, na kwangu mimi huyo ndiye shahidi mwenye uzito kuliko panya wote. Baadhi yao walipewa seli za mafuta kupitia mshipa wa kurudisha damu wa moyo, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Seli hazikuwadhuru. Wala hazikuwaongezea umri.

Ndiyo picha ya huduma ya kwanza: hatari yake ndogo, kinga ya mwili haizikatai sana, kuzikuza ni rahisi, na faida yake kwa wanyama ipo ila ni ya wastani, inafifia kadiri mnyama anavyokuwa mkubwa na ugonjwa wake unavyokuwa wa kweli.

Huduma ya pili ni dunia nyengine. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alichukua seli za kawaida za panya, akazitia jeni nne, zikarudi utotoni, zikawa na uwezo wa kugeuka kuwa seli yoyote. Mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na 2012 akagawana Tuzo ya Nobeli na John Gurdon. Seli hizo, na zile za kiinitete zilizokuzwa maabara tangu 1998, zikielekezwa kwa kemikali kwa wiki mbili hivi zinakuwa seli za moyo za kweli. Kama hujawahi kuziona, tafuta video. Sahani ya plastiki, maji ya waridi hafifu, na chini ya hadubini utando unanywea na kulegea, unanywea na kulegea, hakuna moyo wala mwili. Mara ya kwanza nilipowaonyesha wanafunzi wangu, darasa zima lilinyamaza, kisha mmoja akasema taratibu, "Subhanallah."

Hapa neno "kuotesha" lina haki yake. Mwaka 2007 seli za moyo za binadamu zilidungwa kwa panya wakubwa wa maabara, zikaishi. Mwaka 2012 zilidungwa kwa simbilisi, na watafiti wakaonyesha kwamba seli mpya zilishika mdundo mmoja na moyo wa mwenyeji. Mwaka 2014 kima wa Asia wa jamii ya makaka walipewa seli bilioni moja kila mmoja. Bilioni si mbwembwe. Mshtuko mkubwa wa moyo wa binadamu unaua seli za kiasi hicho. Mwaka 2018 kundi lile lile la Seattle liliwapa makaka seli milioni 750, na katika wiki nne uwezo wa kusukuma damu ukapanda kwa pointi kumi na ushei, huku wasiopewa wakipanda pointi mbili na nusu hivi.

Mpwa wangu hapo akasema: basi nauza. Nikamwambia, ngoja, sijamaliza habari ya kima. (Kima hao, kwa anayeuliza, si kima punju wetu wa Jozani. Na nguruwe ninayekuja kumtaja, shemeji yangu mmoja alishtuka akidhani seli zinatoka kwake. Hapana. Nguruwe hapa ndiye mgonjwa, seli ni za mtu.)

Kima wa 2014 waliopandwa seli mapigo yao yalivurugika. Panya hawakuonyesha kitu hicho, na sababu yake ndiyo moyo wa ulinganisho huu wote. Moyo wa panya mdogo una uzito wa kama punje moja au mbili za karafuu kavu, na unapiga mara 500 hadi 600 kwa dakika. Wa binadamu unapita robo kilo na unapiga 60 hadi 100. Seli za moyo za maabara ni changa, tabia yake ni ya moyo wa mimba: zinapenda kujipigia zenyewe bila kungoja amri. Ukizitia ndani ya moyo wa panya unaokimbia mbio zile, hazipati nafasi, mdundo wa mwenyeji unazipita kabla hazijafungua mdomo. Ukizitia ndani ya moyo unaopiga polepole kama wetu, nafasi ipo tele, nazo zinaanza kupiga ngoma yao. Kwa nguruwe, ambaye moyo wake unakaribiana na wetu kwa ukubwa na mwendo, mvurugiko huo unaweza kuua. Ni wale wale wa Seattle waliochapisha mwaka 2023 kazi ya kuzihariri jeni za seli hizo ili zinyamaze zinapokuwa ndani ya nguruwe. Kazi nzuri sana. Lakini anayekuuzia seli hai za moyo leo mwulize kama zake zimenyamazishwa, na umwangalie usoni.

Kuna bei ya pili isiyoandikwa kwenye tangazo. Seli hizo zikiwa za mtu mwengine, kinga ya mwili itazikataa, kwa hiyo kima na nguruwe wote hao walikuwa kwenye dawa za kushusha kinga. Mama wa miaka ishirini na kitu mwenye mtoto mchanga Pemba, ameshushwa kinga, katikati ya malaria, kifua kikuu na maji ya kisima. Sikuandika zaidi ya hapo, alifahamu. Tena ikibaki hata sehemu ndogo ya seli ambazo hazijageuka moyo, zinaweza kukua uvimbe.

Njia iliyonipa moyo zaidi ni ya kiraka, si ya sindano. Watafiti wa Göttingen, Ujerumani, hukuza seli hizo kama kitambaa cha msuli kinachonywea, kisha hukishona juu ya moyo kwa nje. Mwaka 2025 walichapisha matokeo ya makaka: ukuta wa moyo ulinenepa, mapigo hayakuvurugika, uvimbe haukuonekana. Pamoja na makaka waliripoti mwanamke mmoja wa miaka 46 mwenye moyo uliochoka, aliyeshonewa viraka hivyo akingoja kupandikizwa moyo mwengine. Moyo wake wa zamani ulipotolewa, viraka vilikutwa hai. Ningekuwa nachagua cha kufuatilia kwa miaka kumi ijayo, ningechagua hiki. Kufuatilia, lakini, si kununua.

Kwa hiyo ukiziweka bega kwa bega: seli za uboho ni salama zaidi ila zinatoa kidogo, na hicho kidogo hakitokani na kuotesha. Seli za maabara zinaotesha kweli, ila mnyama anayefanana nasi ndiye aliyeonyesha hatari zake, na kazi za kuzipima kwenye moyo uliotanuka wote ni chache kuliko za moyo wenye kovu. Mwanafunzi wa skuli ya afya anayetafuta mada achague ya pili bila kusita, na aende moja kwa moja kwenye kazi za nguruwe na makaka, panya awasome kwa ajili ya kufahamu njia tu. Mtu mwenye mgonjwa ndani na shamba moja, sijaona sababu ya kumpa hata moja kati ya hizi mbili kwa bei ile.

"Basi panya ni uongo," mpwa wangu akasema kwa hasira. La, na hapa ndipo nilipokaa naye muda mrefu zaidi, maana panya ndiye aliyemletea mkewe chaguo la tatu ambalo halikuwemo kwenye tangazo.

Mwaka 1985 panya waliofungwa mshipa, kwa uzi ule ule, walipewa dawa ya presha iitwayo kaptoprili. Wakaishi muda mrefu zaidi. Hakuna aliyefungua kliniki. Dawa ikapelekwa kwa watu 2,231, nusu wakapewa yenyewe, nusu wakapewa kidonge kitupu, na matokeo ya 1992 yakaonyesha vifo vimepungua kwa asilimia 19. Vidonge vya ukoo huo ni vya bei nafuu na vimejaa kwenye maduka ya dawa Unguja na Pemba. Baadaye zikaongezeka nyengine, zikiwemo bisoprololi, spironolaktoni na dapagliflozini, kila moja ikipimwa kwa watu kwa maelfu. Daktari anachagua ipi inamfaa anayenyonyesha.

Na kwa maradhi haya ya uzazi hasa, mwaka 2007 watafiti wa Hannover walipata panya majike waliokosa jeni moja kwenye moyo, ambao moyo wao ulitanuka kila wakizaa. Waligundua kwamba homoni ya maziwa ilikuwa inakatwa vipande, na kipande kimoja ndicho kilichokuwa sumu kwa vijishipa vya moyo. Wakawapa panya bromokriptini, dawa ya zamani inayokausha maziwa, na moyo ukasalimika. Mwaka 2010 ikajaribiwa Afrika Kusini kwa wanawake 20: kumi walipata dawa za kawaida, kumi wakaongezewa bromokriptini. Wote walianza na EF ya 27 hivi, pale pale alipo mkazamwana wetu. Miezi sita baadaye wa kwanza walikuwa na 36, wa pili 58. Ni wanawake 20 tu, na dawa yenyewe inataka kuambatana na ya kuzuia damu kuganda na mtoto ahamie maziwa ya kopo, kwa hiyo si kitu cha kujinunulia dukani. Ila ni swali la kumpelekea daktari bingwa, na nilimwandikia kwa herufi kubwa ili alisome mbele yake bila kuona haya.

Angalia pia kundi la kwanza, lile la dawa za kawaida. Nalo lilipanda. Maradhi haya, tofauti na aina nyengine za moyo kutanuka, yana tabia ya kurudi nyuma yenyewe kwa baadhi ya wanawake ndani ya miezi sita hadi mwaka, dawa zikinywewa bila kukosa. Mtu akidungwa seli za uboho mwezi wa tatu na EF ikapanda mwezi wa tisa, kliniki itapiga picha ya eko na kuiweka kwenye tangazo lijalo.

Hakunijibu kwa wiki mbili, nikajua nimemuudhi. Juzi akaandika. Shamba hajaliuza. Amekodisha miti minane kwa msimu huu tu, pesa ya boti kwenda na kurudi Dar es Salaam, kumwona bingwa, eko ya pili na dawa za miezi sita. Mtoto yuko kwenye maziwa ya kopo na kinachomliza sasa ni tumbo. Mkewe analala kwa mto mmoja na nusu. Huo wa nusu, anasema, ni kanga iliyokunjwa.